Unga Mweusi na Maji ya Mama Mdogo

Baba yangu hajawahi kuipenda kazi yangu ila mara moja, na mara hiyo aliipenda kwa sababu alikuwa na mtu wa kufukuza.

Kazi yenyewe si ya kuringia mbele ya wageni. Niko katika maabara ya maji, Nakuru, kwenye chuo ambacho paa lake linavuja hadi tunazifunika mashine kwa nailoni kila mawingu yakikusanyika. Watu hutuletea maji kwenye chupa: ya ziwa la Naivasha, ya mitaro inayotoka kwenye mashamba ya maua, ya visima vya watu walioumwa na tumbo wakaamua kulaumu kisima kabla ya kuangalia choo kiko wapi. Sisi tunatafuta kilichomo. Shida ni kwamba dawa ya shambani ikishaingia kwenye maji haionekani kama mchanga kwenye mchele. Imetawanyika, nayo ni kidogo mno, na mashine haiwezi kuisoma mpaka ikusanywe mahali pamoja. Tunaikusanya kwa unga.

Unga huo naupika mwenyewe. Nachukua magunzi ya mahindi, yale yanayobaki ukishapukuchua, nayachoma ndani ya pipa lililofunikwa mpaka yawe makaa. Nayasaga, nayaloweka kwenye maji yenye chumvi za chuma, kisha nayarudisha motoni. Kinachotoka ni unga mweusi tititi unaoingia ndani ya kucha na kukufuata hadi harusini. Kila chembe ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na dawa ikipita karibu inaingia humo na kunasa. Chuma ni cha kurahisisha kazi. Unatia kijiko kidogo cha unga kwenye chupa ya maji, unatikisa, maji yanakuwa meusi kama wino, kisha unaweka sumaku ubavuni mwa chupa. Unga wote unakimbilia sumaku na kuganda pale. Maji yanabaki meupe. Unayamwaga, unasuuza ule unga kwa kemikali inayoitoa dawa vitunduni, na hiyo ndiyo unayoilisha mashine. Katika haya yote shika neno moja tu: weusi ni wangu. Mimi ndiye ninayeutia. Hata maji ya mvua yaliyokingwa sasa hivi ukiyatia unga huu yatakuwa meusi vilevile.

Baba aliniona nikifanya hivyo Krismasi moja, nyumbani kwetu Kuresoi, juu ya meza ya jikoni, nikiwaonyesha ndugu zangu. Alisimama mlangoni na kikombe chake, akatazama unga unavyokimbilia sumaku.

"Kwa hivyo unachafua maji, halafu unayasafisha," akasema. "Na hiyo ndiyo umesomea hii miaka yote."

Akaenda sebuleni kuwaambia wageni kwamba msichana wake amekuwa daktari wa matope. Ndugu zangu walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Nilifunga vitu vyangu nikiwa na hasira ya kupasua kikombe. Kumbe katika nyumba ile nzima, yeye ndiye aliyekuwa ametazama vizuri kuliko wote.

Sharti nimweleze Baba kidogo. Ni mkulima wa viazi, na msimu wa kuvuna nusu ya kijiji hufanya kazi kwake. Halafu ni mzee wa kanisa, na pale kanisani ana kazi ambayo hakuna aliyewahi kuthubutu kumpokonya. Pasta akihubiri kwa Kiswahili, Baba husimama kando yake na kutafsiri kila sentensi kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa ajili ya nyanya zetu wa viti vya mbele. Mgeni yeyote akisimama pale, hata awe mtoto wa hapohapo, anasema Kiswahili na Baba anatafsiri, kwa sababu hiyo ndiyo heshima ya madhabahu. Ana sauti nzito, anajua pa kupumzika, anajua pa kupandisha. Wako wanaosema kuna mahubiri yaliyokuwa mabovu mpaka Baba alipoyapitisha mdomoni mwake.

Mpakani kwetu aliishi mama mdogo, mjane wa mdogo wake Baba. Juu ya chemchemi ambayo kijiji kizima hutumia, mkono wa kushoto lipo ghala la viazi la Baba, mkono wa kulia lilikuwa boma la mama mdogo. Hakuwa na mtoto. Baba mdogo alipozikwa, udongo ulikuwa bado mbichi Baba alipomwambia arudi kwao, shamba libaki kwa familia. Yeye akajibu, "Shemeji, mimi kwetu ni hapa. Ukitaka nitoke, nizike." Akaendelea kukamua ng'ombe zake na kupeleka maziwa barabarani kwa kijana wa pikipiki, na Baba akaendelea kutazama lile shamba kila asubuhi akipiga mswaki.

Sitaki kumfanya malaika. Mama mdogo ana mdomo wa wembe. Siku mtu mmoja alipokuja kuniposa, alimwambia, nikiwa nammiminia chai, kwamba akinioa ajizoeze kula kwa hoteli, maana mimi najua kupika magunzi peke yake. Alikuwa amegombana na wanawake wote wa birikani, pale bomba la chemchemi linapomwagia maji, mpaka akaona heri achimbe kisima chake mwenyewe nyuma ya nyumba kuliko kusimama nao kwa foleni. Lakini Mama alipofariki nikiwa mdogo, ni yeye aliyenisuka nywele za kwenda shule. Alivuta kwa hasira mpaka machozi yakanitoka, ila alisuka kila Jumapili bila kukosa, na hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba nina kichwa.

Kwa hiyo Baba aliponipigia simu kwa sauti ya upole, nilijua kuna mtu atalia.

"Mama," akaniita. Hajawahi kuniita mama. "Ndama zinakufa huku. Zinakunywa kwa birika, zinatetemeka, zinaanguka. Watoto nao matumbo. Watu wanasema kuna mtu anamwaga dawa kwa chemchemi. Sasa wewe si ndio mtaalamu? Kuja utupimie."

"Watu wanasema ni nani?"

"Mimi sisemi. Wewe kuja."

Nilipanda Kuresoi na sanduku la barafu na chupa zangu. Nilichukua maji ya chemchemi pale yanapotoka mwambani, nikachukua ya birikani, ya kisima cha mama mdogo, na ya tangi la mvua la Baba. Kila chupa niliisuuza kwa maji yaleyale kwanza, kama inavyotakiwa, nikaandika lebo. Watu walisimama kunitazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtungi wake pale birikani akaniambia, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "Hebu jiulize, mbona yeye hateki maji hapa na sisi? Si kuna kitu anajua?" Wenzake wakaitikia. Ni wao waliomfukuza pale kwa maneno, na sasa kufukuzwa kwake ndiko kulikokuwa ushahidi.

Mama mdogo nilimkuta jikoni. Mtungi wake wa maziwa ulikuwa sakafuni, umejaa, na juu ya maziwa utando umeanza kukunja uso. Kijana wa pikipiki alikuwa ameukataa asubuhi hiyo.

"Ameniambia, 'Mathe, maziwa yako imeharibu jina ya wengine, ni maneno ya watu, si yangu,'" akasema. "Nimekamulia paka. Kunywa chai, hiyo maziwa yangu haijaua mtu bado."

Nikanywa. Akanitazama nikinywa.

"Ukipata sumu kwa kisima changu utasema?"

"Nitasema."

"Na ukiipata kwa mwingine?"

"Nitasema pia."

"Haya. Tutaona kama mdomo wako ni wako," akasema, akaenda kumwagia paka maziwa.

Nikiondoka nilipita ghalani kwa Baba kumuaga. Alikuwa anatayarisha mbegu. Alikuwa na pipa la dawa ya rangi ya buluu, anachovya viazi vya mbegu kwa kikapu, mikono yake mitupu ikiwa buluu hadi kwenye viwiko. Alipomaliza alisuuza pampu ya mgongoni, ile ya kupigia dawa majani na wadudu, akaimwaga hapohapo mlangoni. Maji yale yaliteremka kwenye mfereji mdogo ambao miguu ya miaka mingi imeuchimba, yakapotelea kwenye nyasi kuelekea chemchemini. Nyasi za mfereji ule zilikuwa na buluu. Zilikuwa na buluu tangu nizaliwe. Nilikuwa nimeruka mfereji ule nikienda shule kila siku, na sikuwahi kuuliza, kwa sababu kwetu buluu ile ilikuwa rangi ya ada ya shule.

Maabarani sikuwa na haja ya kubahatisha, na sikubahatisha. Nilitia unga, nikatikisa, nikaweka sumaku, nikasuuza, nikailisha mashine. Birika lilikuwa baya. Chemchemi pale mwambani haikuwa mbaya sana. Ubaya uliingia kati ya mwamba na bomba, palepale mfereji wa Baba unapoishia. Tangi la mvua lilikuwa na kidogo, la ajabu lingekuwa kukosa, maana pampu hupuliza na upepo hubeba. Kisima cha mama mdogo ndicho kilichokuwa safi kuliko vyote. Maji ya yule mwanamke waliyekataa maziwa yake yangefaa kunyweshwa mtoto mchanga.

Nitasema ukweli wa moyo wangu: nilifurahi. Nilizunguka maabara nikicheka peke yangu. Miaka yote ya udaktari wa matope, na hatimaye matope yamesema jina. Nikampigia simu kabla furaha haijapoa.

"Baba, nimepata. Ni wewe. Ni pampu na pipa la mbegu. Ya mama mdogo ni safi."

Nilisikia kuku wake.

"Mimi?"

"Wewe, Baba. Mfereji wa ghala unaingia kwa chemchemi."

"Haya," akasema taratibu. "Basi kuja Jumapili ueleze watu. Kuja na ile kitu yako ya sumaku, waone kwa macho. Mimi nitasimama na wewe."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Nilifikiri ameona aibu. Nilifikiri uzee umemlainisha, na hata nikamwonea huruma kidogo, mimi mjinga niliyesoma. Nikampigia mama mdogo na kumwambia avae vizuri Jumapili, atasafishwa jina mbele ya kanisa. Akaniuliza, "Ni nani atasimama na wewe hapo mbele?" Nikamwambia ni Baba. Akasema atakuja, lakini hatavaa vizuri.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Pasta alikuwa kijana mgeni kutoka Nakuru, asiyejua hata salamu kwa lugha yetu, akanikaribisha kwa makofi. Meza iliwekwa mbele. Nilipanga chupa zangu tatu za kioo: ya birikani, ya kisima cha mama mdogo, ya tangi la Baba. Nilipanga unga kwenye kopo lake na sumaku kwenye kitambaa. Baba akasimama kando yangu akiwa na koti lake la Pasaka. Mikono alikuwa ameisugua ikabaki buluu ya kucha tu. Mama mdogo alikaa nyuma karibu na mlango, kwenye benchi ambalo wengine wote walikuwa wamehama.

Nikaanza. Nikasema kwa Kiswahili, "Huu unga mweusi ni wangu mimi. Nautia kwenye maji ili uvute dawa iliyomo."

Baba akatafsiri, kwa ile sauti yake: "Hii ni dawa ya kupimia. Maji yakiwa safi hayatabadilika. Yakiwa na sumu, sumu itajitokeza."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamgeukia. "Baba, sijasema hivyo."

Akawaambia watu: "Anasema mtazame vizuri sana."

Nyanya zetu wa viti vya mbele wakasogea, wakavuta leso. Hapo nilipaswa kushika chupa zangu nitoke, watu wengi wameniambia. Rahisi kusema. Mimi niliamua kuongea mwenyewe kwa lugha ya nyumbani, nikasema kwa sauti kwamba Baba anageuza maneno yangu. Kanisa likanguruma. Nyanya mmoja aliyemzalisha Mama, mwenye fimbo, akagonga meza kwa fimbo ile.

"Nyamaza, mtoto! Unamsahihisha babako kanisani? Sema Kiswahili yako, mzee atatuambia."

Na pasta, ambaye hakujua kinachoendelea, akatabasamu akasema, "Amina, endelea dada."

Baba ndiye aliyeendelea. Alichukua kijiko, na mikono yake ikakumbuka kila kitu alichokiona Krismasi. Alitia unga kwenye maji ya birikani akiipa hadhira mgongo, akageuka, akaiinua chupa juu na kuitikisa. Ikawa nyeusi. Kanisa zima likavuta pumzi. Akaweka sumaku, akangoja kwa ule utulivu wake wa kungoja pasta amalize, na weusi ukakimbia ukaganda ubavuni kama kovu.

"Mnaona," akasema. "Hiyo yote ilikuwa ndani. Ndiyo ndama zenu zimekunywa."

Mtu akaanza kulia. Baba akachukua chupa ya pili, akauliza kwa upole, "Na hii ni ya wapi, mama?" Lebo ilikuwa inamtazama. Akaisoma mwenyewe kwa sauti, kisima cha nani, akatia unga, akatikisa. Nyeusi.

Vichwa vyote viligeuka mlangoni kwa pamoja.

Vijana walijaa madirishani, na vijana wale wanakijua Kiswahili kuliko lugha ya nyumbani. Walikuwa wamenisikia neno kwa neno. Nikawatazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakatazama viatu. Mmoja wao alinijia baadaye kando ya choo cha kanisa akaniambia, "Dada, usitulaumu. Huyo mzee ndiye huandika watu wa kuvuna."

Lakini nilikuwa bado na akili moja, na niliona ni ya kummaliza. Nikanyakua chupa ya tatu, ya tangi la Baba mwenyewe. Nikaiinua juu, nikasema kwa lugha ya nyumbani, fimbo au hakuna fimbo, "Hii ni ya tangi lake! Ya nyumbani kwake! Tazameni!" Nikatia unga nikiwaonyesha kijiko, nikatikisa mbele ya macho yao. Ikawa nyeusi kama zile nyingine. Nikaweka sumaku, weusi ukaganda. Nikawaambia, "Kwa hivyo kila maji yatakuwa meusi! Ni unga! Hata yake yeye!"

Nikaona nimeshinda. Niliona uso wa Baba ukilegea kidogo pembeni mwa mdomo. Halafu yule nyanya wa fimbo akashika kifua chake.

"Uwi! Hata kwa tangi ya mzee ameingia!"

Kanisa likasimama. Walipiga kelele za kumwonea Baba huruma. Mtu aliyekuwa amelengwa auawe nyumbani kwake, na bado anawatafsiria watu kwa upole! Baba akainamisha kichwa, akaupokea ule uchungu wao kama anavyopokea sadaka. Mimi nilisimama na chupa mkononi. Nimefanya majaribio mengi maishani ambayo hayakufaulu, lakini hakuna lingine lililonirudi usoni hivyo.

Mama mdogo alikuja mbele. Alitembea kati ya viti bila haraka, na gauni lake la kukamulia. Akafika mezani, akachukua chupa ya kisima chake. Unga ulikuwa umeanza kutulia chini, akatikisa, akanywa. Alikunywa yote, meusi yake yote, shingo ikipanda na kushuka, akaweka chupa mezani akafuta mdomo kwa mkono.

"Maji yangu hiyo," akasema. "Mniangalie. Nitakaa hapa mpaka muone nikianguka."

Akakaa kwenye ngazi ya madhabahu. Walimwangalia. Mkaa wa magunzi haumdhuru mtu. Ulimpaka meno na ulimi tu, na alipokuwa anapumua mdomo wazi, ulionekana mweusi hadi kooni. Wakangoja aanguke. Hakuanguka. Nikaanza kupumua, nikafikiri, sasa hata mawe yatakuwa yameelewa.

"Unaona?" mwanamke yule wa birikani akamwambia mwenzake, na hakushusha sauti. "Haimfanyi kitu. Sumu yake inamjua."

Sijui kama umewahi kusikia watu wengi wakikubaliana kwa pumzi moja. Hawakumpiga. Kijiji chetu ni cha watu wa kanisa. Walimpisha njia tu, upana mkubwa kuliko alivyouhitaji, akatoka. Tangu siku ile kijana wa pikipiki hakusimama tena hata kumweleza kwa nini. Duka lilikuwa limefungwa kila alipofika. Mtu akakata kamba ya ng'ombe wake, na alipouliza, akaambiwa labda ng'ombe wenyewe walikuwa wanatafuta maji safi. Alivumilia kuliko ambavyo mimi ningevumilia. Mwishowe alinipigia simu, akasema, "Kuja na gari ya kubeba vitu. Na usilie kwa simu, unanimalizia charge."

Anaishi na mimi hapa Nakuru, mtaa wa Free Area, kwenye vyumba viwili nyuma ya fundi wa masofa. Hakai kama mgeni wala kama mtu aliyefanyiwa wema. Ananilaumu kwa sauti kila akikosa chumvi. Anasema kama ningepata mume badala ya sumaku, angekuwa bado na ng'ombe. Maziwa ya pakiti ananusa, anakunja uso, anatia kwenye chai kana kwamba anaadhibu chai. Akiniona natoka kazini na kucha nyeusi anageukia ukuta. Sijamwomba msamaha. Sikukosea mimi, nilichezewa, na kuna tofauti, japo tukiwa tumekaa kimya jioni, mimi na yeye, siwezi kuionyesha iko wapi.

Shamba la mama mdogo, Baba alilipanda viazi msimu uleule. Nilipanda kwenda kumchukulia mama mdogo sufuria zake zilizobaki, nikamkuta Baba nyuma ya nyumba yake, kando ya kisima. Sasa hakuwa na haja ya kwenda mbali: alichota kisimani, akachanganya dawa, akasuuza pampu, akamwaga palepale ukingoni. Mikono buluu. Akaniambia maji ya pale ni matamu, ya chemchemi siku hizi yanamkata tumbo, hata ya kunywa anachota hapa. Alinipa kikombe. Vidole vyake vilitetemeka, maji yakamwagika kwenye kiatu changu. Nilimuuliza tangu lini mikono inatetemeka hivyo, akasema ni baridi ya Kuresoi.

Sikunywa. Yale maji niliyatia kwenye chupa nikashuka nayo Nakuru, nikayatia unga. Nilijua mashine itasema nini kabla haijasema. Kisima kilichokuwa safi kuliko vyote kilikuwa kimelipita birika mbali kwa sumu.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia, simu ilipolia. Nilikuwa nyumbani, mama mdogo anachambua sukuma wiki, nikaweka simu mezani kwa sauti ya wazi kwa sababu mikono yangu ilikuwa na unga wa chapati.

"Mama," Baba akasema kwa upole. "Ndama bado zinakufa. Watu wanauliza. Kuna huyu mama mgeni amekodi shamba hapo juu, anafundisha watoto wa nasari, hatujui ametoka wapi. Wewe ile maji ulibeba, ulipata nini?"

"Nilipata wewe, Baba," nikamwambia. "Ni wewe. Na sasa unainywa. Hiyo mikono inatetemeka ni hiyo dawa. Acha hicho kisima leo, na uende hospitali."

Nilisikia kuku wake, na nadhani nilisikia kikombe kikigonga sahani.

"Haya," akasema taratibu. "Basi kuja Jumapili ueleze watu."

Akakata. Mama mdogo alikuwa ameacha kisu juu ya sukuma. Alitazama simu mpaka mwanga wake ukazimika, kisha akaniuliza kama yule mwalimu ana mahali pa kwenda.